Kiraka cha Mwisho cha Omari

Jumatano, Kwamndolwa. Manyunyu tangu asubuhi, yale yasiyolowesha shamba wala kumruhusu mtu aanike nguo. Karakana sijaifungua. Nimemwambia mke wangu ni kwa sababu ya umeme. Umeme upo.

Shajara, leo mchana nimetuma barua pepe ya mistari michache tu, na nimechoka kama niliyelima.

Tulimzika Omari Alhamisi iliyopita, kwao Kwamsisi. Figo. Kwa wewe unayepita hapa bila kumjua: alikuwa fundi kompyuta Handeni mjini, mimi ni fundi kompyuta hapa Korogwe, na tulifahamiana kwa kugombania mteja mmoja ambaye mwishowe alitukimbia sote wawili. Tangu hapo tukawa kitu kimoja. Mimi Msambaa wa Bungu, yeye Mzigua, na sikumbuki siku aliyonipigia simu bila kuuliza kama huko milimani tumeshajifunza kutembea kwenye tambarare.

Ugonjwa wetu ulikuwa mmoja: kerneli. Yaani ule moyo wa mfumo endeshi, sehemu inayozungumza na diski, kibodi, kadi ya mtandao na vyuma vyote vya ndani. Mfumo wenyewe ni wa bure, msimbo wake, yale maandishi yanayoiongoza mashine, uko wazi, na mtu yeyote mahali popote anaweza kutuma marekebisho. Tunayaita viraka. Unakituma kwa barua pepe, watu wanakisoma, wanakukosoa mbele ya dunia nzima, na msimamizi wa sehemu hiyo akikikubali, kinaingia na jina lako linakaa kwenye historia ya mfumo moja kwa moja.

Kuna viraka vinavyoziba matundu, na kuna viraka vya usafi. Sisi tulikuwa watu wa usafi.

Mchango wangu mkubwa katika teknolojia ya ulimwengu ni nafasi moja tupu niliyoifuta mwishoni mwa mstari. Kiraka kilikubaliwa. Nilipomwonyesha mke wangu, aliinama kwenye skrini kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Umeondoa kitu kisichoonekana, na sasa hakionekani?" Nikasema ndiyo. Akarudi jikoni.

Omari alikuwa na hamu kubwa kuliko yangu. Hakuwahi kukubaliwa hata kimoja. Alikuwa amechagua draiva, yaani kipande kinachoendesha kifaa kimoja, ya kadi moja ya mtandao ya zamani sana, msimbo ulioandikwa na mtu ambaye siku hizi hajibu barua, na akawa anaupitia mstari kwa mstari, akiondoa kila alichoona hakina kazi. Msimamizi wa sehemu hiyo, mtu wa mbali ambaye hatujawahi kuiona sura yake, alikuwa akivikataa bila kumung'unya maneno. Mara ya mwisho alimwandikia kwamba kila kiraka cha usafi kinamlia muda wa kukisoma, kwamba kinaficha nani aliandika nini na kwa nini, na kwamba wanaotunza matoleo ya zamani wakitaka kuhamishia huko marekebisho ya kweli, hayakai tena, maana mistari imepangwa upya kwa ajili ya urembo. Safisha, alisema, ukiwa una kazi nyingine humo ndani. Usije kufagia tu.

Omari alinitumia sauti kwenye simu, anacheka huku amekasirika: "Kaka, huyu mzee angekaa na mama yangu siku moja tu. Mama haoni, lakini vumbi analisikia!"

Huo ndio ubishi ambao hatukuumaliza. Mimi nilikuwa nusu upande wa msimamizi, ingawa sikumwambia. Wengi wetu tunasafisha kwa sababu kusafisha ni rahisi kuliko kuelewa. Unaona kitu kimekaa vibaya, unakinyoosha, unajisikia fundi. Lakini Omari naye alikuwa na lake: ile draiva aliijua yote kwa sababu aliisafisha. Hakuna mtu anayesoma msimbo wa mwenzake mpaka mwisho kwa raha tu. Lazima uwe na kisingizio, na kisingizio chake kilikuwa ufagio.

Kiraka chake cha mwisho alikituma akiwa amelazwa, kwa mtandao wa simu ya nesi. Kiliondoa mstari mmoja. Mstari huo unasoma thamani kutoka kwenye kadi, halafu hauiweki popote. Haitumiki, haihifadhiwi, hailinganishwi na chochote. Ukiutazama unasema huyu aliyeuandika alikuwa na usingizi.

Na safari hii msimamizi hakukataa. Aliandika: kinaonekana sawa; kuna yeyote mwenye kadi yenyewe akipime? Akisema sawa, nitakichukua mwisho wa wiki.

Mwenye kadi yenyewe ni mimi. Iko kwenye kompyuta moja kuukuu niliyoachiwa na shule, ya msaada, imejaa stika za watu nisiowajua. Shule za huku bado zina nyingi za namna hiyo. Omari aliisoma ile barua ya msimamizi, akaniandikia "KAKA!" na alama za mshangao mpaka mwisho wa skrini. Hakuandika tena baada ya hapo.

Nilipanga kusema uongo.

Nilipanga kuandika "nimekipima, kiko sawa" bila hata kuiwasha ile mashine. Mstari mmoja usio na kazi, rafiki mmoja aliyekufa. Nani angenilaumu? Na msibani mama yake alinipa sababu nyingine. Alinishika mkono, akauliza mbele ya watu, "Jina la mwanangu limeshaingia huko kwenye mashine za dunia?" Omari alikuwa amemsimulia. Nikajibu, "Liko mlangoni, mama. Wiki hii linaingia." Wazee waliokuwa jamvini wakasema alhamdulilahi. Mimi Mlutheri nikasema amina, kwa kuchanganyikiwa.

Jumapili nilirudi Kwamsisi kwa kuanua matanga. Nilishuka barabara kuu nikachukua bodaboda. Kwao, siku za matanga nyumba haifagiliwi. Majivu, maganda, makaratasi, vyote vinabaki vilipo, na kwa mtu wa hulka yangu hizo ni siku ngumu. Ndiyo maana siku ya kuanua, watu wakishika mafagio, wanafagia kama wanaofukuza kitu. Na mimi nikashika panga. Sikutaka kukaa kwenye kiti nikiletewa chai, ningelia.

Nikafyeka majani nyuma ya nyumba. Nikakusanya vigunzi. Nikaona kamba ya katani, imechakaa, imefungwa kwenye nguzo ya jiko, imepita uani kwa kulegea, kimo cha kiuno, mpaka kwenye nguzo ya choo. Njiani ilikuwa na vitambaa vimefungwa vifundovifundo. Haikuwa na nguo hata moja. Nikaikata, nikaiviringisha, nikaitupia kwenye moto wa takataka. Katani kavu inawaka vizuri sana. Nikajipongeza.

Baadaye mama Omari akatoka jikoni. Macho yake yana mtoto wa jicho, yote mawili, lakini pale kwake anatembea kama anayeona. Alipita mlangoni, akanyoosha mkono wa kulia pembeni, bila haraka, kama mtu anayejua anachokishika.

Mkono ukabaki hewani.

Akaupeleka mbele kidogo. Akaushusha. Akaupandisha. Mafagio yote yakanyamaza.

"Kamba yangu iko wapi?"

Nikasema, "Nimeikata mimi, mama."

"Nani, Msambaa?"

"Mimi, mama."

"Ulidhani ya nini?"

"Ya kuanikia nguo."

"Uliona nguo?"

"Hapana, mama."

"Basi ukasema haina kazi." Akasimama vile vile, na nikaona uso wake unatafuta upande wa kwenda. "Omari ndiye aliyeifunga. Kila kitambaa kina mahali pake. Kimoja kipo penye jiwe, kingine penye mteremko. Ninyi watu wa milimani mkija kwenye joto hamtulii, lazima mkate kitu."

Watu wakacheka, na yeye akacheka, ndiyo tabia ya nyumba ile. Binti wa jirani akamshika mkono akampeleka. Mimi nilibaki nautazama moto. Vile vitambaa vilikuwa vya shati la Omari la kazini, lile la bluu. Sikuwa nimeangalia.

Jumatatu niliiwasha ile mashine ya stika.

Bila kiraka cha Omari, mtandao ulikaa sawa kutwa. Nikakiweka, nikaanza kuvuta mafaili makubwa. Mwanzo shwari. Nikaanza hata kutabasamu, nikapika chai. Niliporudi, kadi ilikuwa imenyamaza. Taa inawaka, mashine inadhani inaongea, hakuna anayesikia. Nikaizima nikaiwasha. Ikanyamaza tena. Jana nikarudia tangu mwanzo kwa matumaini ya kipuuzi kabisa kwamba waya ni mbovu. Nilibadilisha waya. Waya ni mzima.

Usiku wa kuamkia leo sikulala vizuri, lakini asubuhi nilikuwa nimeelewa. Ukiipa kadi amri, amri haifiki papo hapo, inaweza kukawia njiani. Ni kama kumwambia mtu aliye mbali "funga geti." Ukimwita tena "wewe!" naye akaitika, hujali ameitika nini. Unajua tu kwamba yuko getini na neno lako la kwanza limemfikia. Ule mstari ulikuwa ni kule kuita. Thamani yake haikuwekwa popote kwa sababu haikuhitajika. Kilichohitajika ni kadi kuitika.

Namkasirikia aliyeuandika bila kuacha hata neno moja la maelezo pembeni. Kisha nakumbuka kwamba Omari naye hakuwahi kumwambia mtu habari za kamba. Angemwambia nani? Aliifunga, ikafanya kazi, akaenda zake Handeni.

Basi mchana nikaandika kwa msimamizi na orodha nzima ya watu: nimekipima, kadi inanyamaza, tafadhali usikichukue. Nikaongeza kwamba mwenye kiraka hatajibu maswali kwa sababu amefariki wiki iliyopita. Kidole kilikaa juu ya kitufe muda mrefu. Nilikuwa nalizuia jina la rafiki yangu mlangoni, mlango ambao mimi mwenyewe nilimwambia mama yake uko wazi.

Msimamizi amejibu haraka. Amesema pole, kwa maneno machache ambayo nadhani aliyafuta na kuyaandika upya. Kisha akauliza kama naweza kutuma kiraka kingine, cha kuweka maelezo juu ya ule mstari ili asitokee mwingine wa kuufuta.

Kiraka cha usafi. Ameniomba yeye mwenyewe. Omari angeangua kicheko mpaka aangushe simu.

Nimekiandika. Lakini kila kiraka kinabeba barua yake ya kueleza kilikotoka, na hiki kimetoka kwa Omari. Nikimtaja, jina lake litakaa kwenye historia ya mfumo siku zote, likiwa la mtu aliyetaka kufuta kisichofaa kufutwa. Nisipomtaja, hatakuwepo kabisa. Nimezunguka chumba hiki mpaka mke wangu akaniuliza kama kuna panya.

Nikampigia mama Omari, kwa simu ya jirani yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe Mkata Kamba."

Nikamweleza. Sikusema kerneli wala draiva. Nilisema Omari alikuta kitu kwenye mashine akaona hakina kazi, akasema kiondolewe, nami nimejaribu nikaona mashine inakwama. Nikasema jina lake linaweza kuingia, lakini litaingia hivyo.

Nikasikia kuku, nikasikia mtu anatwanga.

"Alikosea kweli, baba? Umetazama vizuri?"

"Nimetazama, mama. Mara nyingi."

"Alikuwa anafanya nini alipokosea?"

"Alikuwa anasafisha."

"Basi andika hivyo. Andika alikuwa anasafisha."

Nimeandika hivyo. Sentensi moja, na jina lake kamili, na Kwamsisi, ingawa hakuna kanuni inayotaka mtu aandike kijiji. Kimeondoka. Kama kitakubaliwa sijui, na leo sitajifanya najua kama viraka vya namna hii vina thamani. Najua kwamba miaka yote ule mstari ulikaa humo bila mtu kujua sababu yake, na kwamba tumeijua kwa kuwa mtu mmoja mgonjwa alitaka kuufagia. Ningependa kumsikia akibisha juu ya hilo. Ningemwachia ashinde.

Kabla ya kukata simu, mama yake aliuliza nakuja lini. Nikasema kesho. Akasema nisije mikono mitupu kama mgeni.

Nimeshatoka sokoni. Kamba mpya ya katani iko hapa juu ya meza, karibu na kibodi, inanukia shamba la mkonge. Mke wangu amenipa shati langu moja kuukuu, la kuchana vitambaa. Sijachana bado. Sijui ni vingapi, wala jiwe liko wapi, wala alifunga kimo gani.

Kesho nitamuuliza kwanza.