Nilijua Kioo Hakikupigwa

Bi Mukunde, nakusalimu, mimi msomaji wa safu yako gazetini, na nakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujanigombeza, maana najua utanigombeza tu. Mimi ni Ilyasi, fundi wa vioo hapa Nyamirambo, Kigali, nina miaka arobaini na mitatu, na hii ni wiki ya tatu nimebeba hasira kifuani, hasira juu ya tajiri mmoja wa Nyarutarama ambaye hapa nitamwita Conrad, majina yao yote nimeyabadilisha, lakini aliyofanya sikubadilisha hata moja.

Huyu Conrad ana akwariamu sebuleni, tangi la samaki refu kuliko kitanda, limekalia meza ya chuma, na mbele lina kioo cha milimita kumi na mbili. Jumatatu moja asubuhi alinipigia simu akifoka kwamba kioo cha mbele kimepasuka na maji yanamwagika, nije mbio. Nikapanda moto, pikipiki ya abiria, mwenzangu Twagirayezu akanifuata na vifaa. Getini tukapishana na mwanamke anatoka na begi moja na godoro lililofungwa kamba, analia bila sauti. Huyo ndiye Mukashema, aliyefanya kazi za ndani katika nyumba ile miaka kumi na mmoja, aliyemlea mtoto wao Iteka tangu ana wiki mbili. Mlinzi akatuambia amefukuzwa sasa hivi, eti ameligonga tangi kwa mpini wa raklet, lile fagio la mpira, wakati wa kusukuma maji sakafuni, na mbaya zaidi amekataa kukiri.

Mimi nikajisemea hayo ni mambo ya nyumba za watu, nikaingia kazini. Tukatoa maji, tukahamishia samaki kwenye mabeseni makubwa na mashine zao za hewa, Twagirayezu akapiga picha kwa simu kama anavyofanya kila kazi kabla hatujagusa kioo, ndipo nikapiga magoti kuuangalia ule ufa. Bi Mukunde, nimekata vioo miaka ishirini. Kioo kikipigwa hubaki na alama pale kilipopigwa, unaiona kama nyota, na nyufa zinatawanyika kutoka hapo. Ufa huu haukuwa na nyota. Ulikuwa mmoja tu, umeanzia ukingo wa chini kabisa, kona ya kushoto, mahali palipofunikwa na fremu ya meza ambapo mpini wa raklet haufiki hata ukitaka, kisha ukapanda juu mwembamba kama unywele. Nikaweka pima maji juu ya meza, meza haikuwa sawa. Tukamwita mlinzi na dereva tukainua upande mmoja wa tangi. Sponji inayotandikwa chini yake ilikuwa imejikunja, kona ile haina kitu, na pale kwenye chuma kitupu pamekaa kokoto moja, kokoto ya mapambo ya tangi lenyewe. Twagirayezu akaipiga picha nayo. Lita zaidi ya mia sita za maji zilikuwa zimekalia kokoto ile.

Nikamwita Conrad pembeni nikamwonyesha.

"Bosi, hiki kioo hakikupigwa. Tangi lilisogezwa?"

Akatazama kwanza mlango wa jikoni, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Jana mchana. Mama Iteka alikuwa kanisani na Mukashema alikuwa na siku yake ya kupumzika. Nilikuwa na marafiki zangu wanne, tukatoa maji, tukalisogeza tupate nafasi ya televisheni."

"Basi ni kokoto hii, bosi. Yule dada hana kosa. Alikuwa na raklet mkononi kwa sababu alikuta maji yameshamwagika."

"Fundi, nilikuita utengeneze kioo, sikukuita ufungue kesi." Kisha akaongeza, "Najenga ghala Masoro, ofisi zake zote ni vioo. Natafuta mtu anayejua kazi yake na anayejua kunyamaza."

Kumbe mkewe alikuwa amemkataza zaidi ya mara moja kuligusa tangi lile bila fundi, na mwanamume mzima na ghala lake Masoro akaona afadhali mama wa watu atolewe na godoro kuliko yeye kusema "ni mimi." Hilo ndilo linalonichoma, Bi Mukunde, mtu aliyekula chakula cha mikono ile miaka kumi na mmoja, aliyemwachia mama yule mtoto wake anapougua, leo anamtupa nje kwa sababu ya televisheni! Lakini sijamaliza, na haya yanayofuata sijamwambia hata mke wangu.

Mama Iteka mwenyewe akaingia sebuleni, macho mekundu. Akaniuliza, "Fundi, wewe ndiye mtaalamu hapa. Mukashema ameniapia kwa jina la Mungu kwamba hakuligusa. Niambie, ni raklet kweli?" Conrad alikuwa amesimama nyuma yake, ananitazama. Nami nikasema, "Inawezekana, mama."

Akashusha pumzi. "Miaka kumi na mmoja," akasema, "na bado ananidanganya usoni." Akatoa simu yake akaanza kuandika kwenye grupu la WhatsApp la akina mama wa mtaa ule, wasije wakamwajiri bila kujua.

Tuliifanya kazi vizuri, hilo siwezi kudanganya. Tukakata silikoni ya zamani kwa wembe, tukasafisha kwa spiriti mpaka hakuna hata alama ya kidole, tukaweka kioo kipya kilichosuguliwa kingo, tukatumia silikoni isiyodhuru samaki, tukaacha ikauke wiki nzima kabla ya kurudisha maji kidogo kidogo. Meza nikainyoosha mwenyewe, na kokoto ile nikaitupa kwenye maua. Hakuna tone linalovuja hadi leo, na kazi ya Masoro tumeshaanza.

Alhamisi iliyopita Mukashema akaja karakana kwangu. Akaniambia anakaa kwa dada yake Gahanga, akanielekeza hadi nyumba. Hakukaa kwenye kiti nilichompa. Akasema, "Fundi, wewe uliona kioo ile. Nambie tu ukweli, ni mimi? Kila nyumba naenda kuomba kazi wanajua habari. Nafikiria, labda niligonga bila kusikia. Sasa nimeanza kuona ni mimi kweli."

Nikamjibu kwamba mimi ni mtu wa vioo tu, awaulize mabosi wake. Akasema asante, akaenda.

Tangu siku hiyo nikimwona Conrad pale Masoro nainamia kipimo changu nisimtazame. Nimefikiria kumwandikia mkewe ujumbe kwa namba asiyoijua, bila jina. Twagirayezu anasema ninyamaze, kazi ile inalisha nyumba mbili. Niambie, Bi Mukunde, huyu mtu nimfanye nini?

Ilyasi, Nyamirambo

*

Ilyasi,

Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba. Unaniuliza umfanye nini Conrad. Conrad ni mwoga na ni mdhalimu, hilo sikupingi, na kila mke anayesoma gazeti hili leo ameshamtazama mumewe kwa jicho la pili. Lakini Mama Iteka hakumuuliza Conrad kuhusu ufa. Alikuuliza wewe. Alikuwa na shaka, moyo wake ulikuwa bado kwa Mukashema, na alitaka mtu mmoja tu mwenye ujuzi amwambie hapana. Ungesema hapana, Mukashema angeitwa arudi kabla kamba ya godoro haijafunguliwa. Ukasema "inawezekana." Neno hilo umeliandika kama vile si uongo, kama vile limetoka nusu tu mdomoni. Limetoka lote. Wewe ulijua kwa macho yako na kwa pima maji yako kwamba haiwezekani.

Na siku ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza. Mwanamke ametoka Gahanga hadi Nyamirambo kukuuliza kama akili yake bado ni nzima. Hakukuomba umtetee. Aliomba ajue tu kama mikono yake ilifanya jambo ambalo yeye halikumbuki. Pale hapakuwa na Conrad nyuma ya mtu, hapakuwa na bosi wa kumwogopa, mlikuwa wawili ndani ya karakana yako mwenyewe, nawe ukamrudisha kwa wale wale waliomfukuza. Haya, mimi nilikuwa na hasira nusu, sasa ninayo yote.

Ujumbe bila jina achana nao. Mama Iteka angeusoma na wa kwanza kumshuku angekuwa Mukashema mwenyewe, au dada yake. Ungemwongezea mzigo huku ukijiona umetubu.

Wasomaji wangu, barua hii ilikuwa na namba ya simu, na sikuweza kuiacha isubiri siku ya gazeti. Nilimpigia Ilyasi Ijumaa. Nilimwambia achukue zile picha, amchukue na Twagirayezu, aende nyumbani kwao siku ambayo mume na mke wako pamoja, na aanze na uongo wake mwenyewe kabla ya kufika kwenye kokoto ya mtu mwingine. Akaniuliza, "Na Masoro?" Nikamwambia Masoro ataipoteza, na vioo vya kukata vipo Kigali nzima. Alikata simu bila kuniaga. Jumapili jioni akanipigia tena, akanieleza yaliyotokea, na ameniruhusu niyaandike.

Walikaribishwa sebuleni, mbele ya tangi. Ilyasi akasema, "Mama, siku ile uliniuliza nikakudanganya." Akampa simu yenye picha. Mama Iteka akaziangalia moja moja, kisha akamgeukia mumewe. "Conrad, ulilisogeza?"

Conrad akasema fundi amenunuliwa na Mukashema. Hapo Twagirayezu, yule yule aliyekuwa anataka kimya, akasimama akaonyesha sakafu. "Mama, alama za miguu ya meza ziko hapa kwenye taili. Hii meza ilivutwa." Mama Iteka akainama akazigusa kwa kidole. Conrad akawaambia wasikanyage Masoro tena, wakachukue vifaa vyao vya kule kwa mlinzi, akatoka nje. Mama Iteka akauliza Mukashema yuko wapi, Ilyasi akamwambia, akachukua funguo za gari. "Fundi, panda. Unanionyesha hiyo nyumba ya Gahanga."

Kwa dada yake, Mukashema aliwapokea mlangoni, hakuwaambia wakae. Mama Iteka akasema yote, akalia, akamwomba arudi, akasema mtoto anamwulizia kila siku. Mukashema akamsikiliza mpaka akamaliza.

"Nimesikia, mama," akasema. "Iteka msalimie sana. Mimi sirudi. Lakini pale uliandika nimevunja, andika tena pale pale."

Mama Iteka akaandika akiwa amesimama palepale, akamsomea kwa sauti: Mukashema hakuvunja kitu, mume wangu alisogeza tangi, mimi nilimfukuza kwa kosa ambalo si lake. Akautuma. Ndipo Mukashema akamtazama Ilyasi.

"Siku nilikuja kwako, ulikuwa unajua?"

"Ndiyo," Ilyasi akasema.

Akaingia ndani akafunga mlango.

Sasa unataka kujua kama urudi ukamwombe radhi, Ilyasi. Usirudi. Usimpigie, usimtume shehe wala mchungaji, usimpelekee mfuko wa sukari. Mlango ule ni wake, na akiufungua ataufungua mwenyewe siku anayoitaka. Unataka kusamehewa ili ulale vizuri, na yeye hana deni la usingizi wako.

Lakini kazi bado unayo, na ni ya kesho asubuhi. Ujumbe wa grupu unapita, watu wanaandika mambo ya shule na maji kukatika, na baada ya wiki mbili kilichobaki kichwani ni kwamba kuna mfanyakazi fulani na tangi fulani. Kwa hiyo chukua karatasi ya karakana yako. Andika kwa Kinyarwanda, na chini yake kwa Kiingereza, kwa kuwa nusu ya mabosi wa Nyarutarama wamekulia Uganda. Andika tarehe. Andika kwamba wewe, fundi wa vioo wa miaka ishirini, ulikagua kioo kile, kwamba ufa ulianzia chini kwenye kona iliyokalia kokoto, kwamba hapakuwa na alama ya kupigwa, na kwamba siku ile uliulizwa ukasema uongo. Sentensi hiyo ya mwisho usiifupishe. Bandika picha mbili. Weka sahihi yako, ya Twagirayezu, na muhuri. Andika namba yako ya simu, na kwamba mwajiri yeyote anaweza kupiga. Usiongeze neno hata moja la jinsi unavyoumia. Mpe dada yake Mukashema nakala tatu, usiulize mwenyewe yuko wapi, uondoke.

Kisha rudi kazini ukatafute kazi nyingine, wewe na mwenzako, mna mikono mizuri. Na simu ya mtu usiyemjua ikilia, hata kama uko juu ya ngazi na kioo mkononi, kiweke chini, shuka, uipokee, na useme ulichokiona.

Bi Mukunde