Dada Anamgawia Mjomba Dawa ya Utafiti

Mshauri mpendwa, salamu zangu ni fupi kwa kuwa yaliyonijaa ni marefu, naomba unisikilize mpaka mwisho kisha unikemee ukitaka, mradi unisaidie. Mimi nafanya kazi maabara, kwenye kituo kinachotafiti ugonjwa wa figo, ule wa kurithi ambao figo huota vifuko vya maji, navyo vinakua mwaka hadi mwaka mpaka figo yenyewe inakosa nafasi, na ndio uliomuua mama yetu, mimi ukaniruka, dada yangu mkubwa ukampata, na mjomba wetu fundi saa, aliyetulea baada ya mama kuondoka, naye anao. Kazi yangu ni kupokea damu, kuizungusha kwenye mashine na kuipima, basi, lakini nyumbani wameshanibandika jina la Daktari wa Chupa, na kila ndugu mwenye mguu uliovimba hunisubiri sebuleni kana kwamba tiba nimeifungia kabatini, nimeeleza mpaka mate yamenikauka kwamba sisi bado tunatafuta, hatujapata.

Sasa limeanza jaribio la dawa mpya ya kuzuia vile vifuko visikue, ndiyo kwanza hatua za mwanzo, watu wachache wanameza na sisi tunapima damu yao tujue dozi gani inafaa na gani inadhuru. Dada alikubaliwa. Mjomba alikataliwa kwa kuwa ini lake limeonekana dhaifu, na hofu kubwa ya dawa hii iko kwenye ini, daktari akamweleza kwa upole, mjomba akashukuru, akarudi kwenye meza yake ya saa, nami nikadhani yameisha. Kumbe wapi. Nilipita dukani kwake kumsalimia nikamkuta anameza kidonge ambacho rangi yake naijua kama ninavyojua viatu vyangu, nilipombana akacheka tu, akasema nikamuulize dada yangu, nami nikaenda moja kwa moja.

Dada hata hakuona haya. Alikuwa anakunja nguo, akaendelea kukunja, akaniambia, "Cha asubuhi nameza mimi, cha jioni nampa mjomba. Kwani yeye ni mtu baki? Huyu alilala njaa ili sisi tule, leo nimeze peke yangu yeye anitazame?" Nikamweleza habari ya ini, akanijibu kwamba habari za ini ni zangu mimi wa maabara, mjomba anaumwa figo. Mshauri, utamjibu nini mtu wa namna hiyo?

Isitoshe, mkuu wetu wa utafiti alituita kikaoni, akatwambia kuna mgonjwa ambaye dawa haionekani vya kutosha kwenye damu yake, pengine mwili wake unaivunja haraka, na kwa kuwa kundi ni dogo, mtu mmoja tu anayumbisha hesabu nzima, hivyo anafikiria kundi linalofuata waongezewe dozi. Sampuli hutufikia zikiwa na namba tu, hazina majina, lakini mimi nilijua ile ni damu ya dada, nikaendelea kuandika ya kikao kama wenzangu. Nikisema, dada anatolewa kwenye utafiti na ukoo mzima utanila nyama, watasema nimewanyang'anya dawa watu wawili kwa mpigo. Nisiposema, wageni watamezeshwa dozi kubwa kwa ajili ya uongo wa nyumbani kwetu. Na juzi mjomba alipoivua ile lenzi yake ya jichoni ya kutazamia saa niliona weupe wa macho umeingia manjano, nikamwambia, akasema ni taa ya dukani. Nifanye nini?

Ni mimi, Daktari wa Chupa

MSHAURI ANAJIBU

Wasomaji wangu mnajua barua huwa zinapanga foleni. Hii sikuipa foleni. Nilipofika kwenye macho ya manjano niliacha kusoma, nikakupigia kwa namba uliyoiandika chini ya barua, binti, ukaipokea kwa kunong'ona ukiwa umejificha stoo. Nilikuuliza mjomba yuko wapi. Ukasema yuko kazini, ukaanza tena habari za ukoo utasema nini. Hapo nilikufokea, na hapa nakufokea mbele za watu: umepima damu za wagonjwa miaka yote hiyo, unaona ini la mtu linalia machoni pake, halafu unakaa kuandika barua gazetini? Gazeti halina drip.

Nilikwambia mambo mawili tu. Utoke maabara ukamchukue mjomba, umfikishe hospitali na kidonge mkononi ili waone alichokuwa akimeza. Na dada yako umwambie kabla hujafika kwa mkuu wako, asije akasikia kwa watu. Uliyatimiza, na kwa hilo nakupongeza, ingawa ulichelewa.

Sasa wasomaji wajue yaliyofuata, kwa ruhusa yako. Mjomba alilazwa, dawa ikasimamishwa, na ini limeanza kurudi taratibu. Madaktari wanasema angeendelea kidogo tu tungekuwa tunaongea lugha nyingine. Dada yako ametolewa kwenye utafiti. Ile hoja ya kuongeza dozi imefutwa. Na dada yako amekuambia kwamba kuanzia leo yeye hana mdogo.

Dada mtu, najua unalisoma gazeti hili, basi nawe pokea lako. Mapenzi yako kwa mjomba siyatilii shaka. Lakini dawa inayojaribiwa si ubwabwa kwamba ukiumega kila mtu atashiba. Wewe ulimeza nusu isiyokusaidia, mjomba akameza nusu iliyomchoma. Umemlipa fadhila kwa moto.

Nanyi wakubwa wa utafiti, msijifiche nyuma ya makoti meupe. Mnampa dawa mtu ambaye ndugu yake mgonjwa mmemkataa, hamumuulizi hata mara moja, "Nyumbani kuna mwingine anayekitamani kidonge hiki?" Mnaona damu haina dawa, mnakimbilia kusema mwili unaivunja. Muulizeni mwenye mwili!

Turudi kwako, binti. Unaniuliza kwenye ujumbe wako wa mwisho kama umuombe dada msamaha. Wa nini? Wa kumwokoa mjomba wenu? Huna hatia hapo, na ukiomba msamaha usiokuhusu utamfanya aamini alikuwa sahihi. Lakini kukaa kwako kusubiri hasira zipoe nako ni uvivu. Yeye figo zake bado zinaumwa, na sasa hana jaribio wala daktari anayemfuatilia. Kabla ya jambo lolote, mtafutie nafasi kwenye kliniki ya kawaida ya figo, ile ya kila mtu, wampime presha na damu kama wengine. Kisha nenda kwake. Asipofungua, kaa barazani mpaka achoke kukuona. Akifungua, usianze na sayansi. Mwambie mjomba amemuulizia, maana mimi nilimpigia simu kule wodini, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Yule mkubwa sasa anameza vyote viwili mwenyewe?"