Pole Zisizo Zangu

Dada yangu Gaudensia,

Kamwene. Naomba barua hii ikukute umesimama kwenye genge lako hapo Ilomba, unabishana na mteja juu ya ndoo ya viazi, maana siku nikisikia umenyamaza ndipo nitakapojua unaumwa. Goti linaendeleaje? Mvua zimekatika au bado? Watoto wanakula ugali au bado wanakusumbua na chipsi? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, nafua mashuka ya hoteli kama kawaida. Baridi nilishakueleza ukadhani natia chumvi. Ile ya Ilomba ya mwezi wa saba, ya kuota jiko la mkaa umejifunga blanketi, huku wanaiita siku nzuri na wanatoka nje na kaptula.

Utashangaa kuona karatasi badala ya simu. Unanijua, kwenye simu mimi ni mcheshi. Ukiniuliza jambo zito nakutania, tunacheka, mtandao unakatika, tunaachana hivyo hivyo. Sasa umeniuliza mara nyingi swali moja, kama nitakuja mwezi wa kumi na moja kwenye misa ya mwaka ya mama na kujengea kaburi. Kila mara nimekujibu habari za hoki. Safari iliyopita ukachoka, ukaniambia, "Desi, mimi nakuuliza ya mama, wewe unanijibu ya mpira wa barafu. Una wazimu?" Sina wazimu, dada. Kwangu hayo mawili yameshikana, na ndiyo maana nimeona nikuandikie.

Unalikumbuka lile koti la bluu kwenye picha zangu? Nilipofika mji huu, kanisani walikuwa na kapu la nguo za msaada kwa wageni. Wenzangu walikuwa wameshachagua. Lilibaki koti moja tu, zito, zima kabisa, na kifuani lina picha ya nungunungu kasimamisha miiba. Nikashangaa limeachwaje. Nikasema ya Mungu mengi, nikalivaa. Mama nilipomtumia picha alicheka mpaka akakohoa. "Mimi maisha yangu yote namfukuza nungunungu kwenye viazi," akasema, "wewe unaenda kumvaa kifuani!"

Siku zile nilikuwa sijasalimiwa na mtu. Sisemi kwa ubaya, ni watu wa heshima, wanakushikia mlango, lakini salamu hawana. Mwanzoni nilikuwa nikipanda basi nasalimia wote, kama nimeingia nyumbani kwa mtu. Walinitazama, nikaacha. Jioni nikirudi chumbani nilikuwa naongea na sufuria, na nakwambia kweli, sufuria ilikuwa na nafuu.

Halafu ukapiga simu asubuhi ile ukasema mama ametutoka. Sikulia. Kazi ilikuwa mpya, ruhusa hakuna, na hata ningeipata nisingewahi mazishi. Kwetu mtu akifiwa anakaa chini, watu wanamjia. Mimi ningekaa chini, angenijia nani? Nikavaa koti langu nikaenda kazini.

Kwenye basi baba mmoja mtu mzima akanitazama kifuani, akatikisa kichwa, akasema, "Pole kwa jana."

Dada, nilishtuka. Huyu amejuaje? Lakini pole hairudishwi. Nikamjibu kama tunavyojibu nyumbani, "Asante. Ulikuwa ugonjwa wa muda mrefu."

"Kweli kabisa," akasema. "Wa miaka na miaka."

"Ila sasa mateso yamekwisha."

Akacheka kidogo, kwa huzuni. "Yanaanza tena Alhamisi."

Nikafikiri labda na yeye ana mgonjwa, na Alhamisi ndiyo siku ya kumpeleka hospitali. Nikampa pole na mimi, akapokea vizuri. Dukani yule mama wa kwenye mashine ya kulipia akaniambia, "Poleni, ninyi mna moyo." Jioni dereva wa basi naye akaigusa kofia yake akanipa pole. Nilifika chumbani nikafunga mlango, nikalia mpaka nikaishiwa nguvu. Machozi yalikuwa yananingojea watu waseme hilo neno tu.

Ndipo nikakupigia nikakwambia mji mzima umenipa pole. Na wewe, kwa mdomo wako huo, ukamwambia katekista, naye akatangaza makaburini mbele ya watu wote wa kwetu Tosamaganga kwamba wananchi wa Kanada wanaipa pole familia. Nasikia shangazi mpaka leo anasimulia kilabuni kwamba mama alililiwa hadi Ulaya. Sasa kaa chini, dada, usije ukaliumiza goti. Wananchi wa Kanada hawakuwa na habari na mama.

Aliyenifumbua macho ni mama mmoja Mfilipino ninayefua naye. Nilimsifia watu wa mji huu walivyo na utu kwenye msiba. Akanitazama usoni, akatazama koti, akaweka shuka chini. Akanieleza kwamba yule nungunungu ni nembo ya timu ya mji, timu ya kulipwa ya hoki ya barafuni, na kwamba inafungwa mwaka nenda mwaka rudi. Usiku ule mama alipofariki walikuwa wamefungwa mabao ambayo hata kuyataja ni aibu. Ukiwa umevaa nungunungu, watu wanakupa pole. Ndivyo wanavyosalimiana. Na koti lilibaki kapuni kwa sababu hata maskini hawalitaki.

Nilijisikia kama mtu aliyeingia msiba wa watu, akanawa mikono, akala akashiba, halafu ndiyo anauliza marehemu ni nani. Ningeweza kulivua. Lakini baridi ilikuwa ile ile, na nje ya koti lile hakuna aliyekuwa ananiongelesha. Nikaendelea kulivaa, nikaendelea kupokea pole, na kila niliyopewa niliipeleka kwa mama kimyakimya.

Baadaye nikaona si haki kupokea pole za msiba nisioujua. Nikaenda kuwaona wenyewe. Uwanja uko ndani ya nyumba kubwa, na chini pameganda barafu nyeupe. Wachezaji wamevaa viatu vyenye visu, wana fimbo, wanagombania kitu cheusi mfano wa kitumbua kilichoungua. Kipa kajifunga magodoro miguuni. Wakipigana, mwamuzi anawafungia kwenye kibanda cha vioo, wanakaa humo wamenuna kama watoto wa shule. Wetu wakifunga bao inalia honi kubwa. Mara ya kwanza nilirudi nyumbani sijui honi hiyo inaliaje.

Tiketi za juu kabisa, karibu na paa, hazina wagombea. Huko ndiko nilikomkuta Roni, mzee fundi bomba aliyestaafu, mjane, ambaye amekaa kiti kile kile tangu ujana wake. Nilipomwita Mzee Roni alichukia, akasema yeye si mzee. Nikamweleza kwetu ni heshima, akafikiri, akasema basi sawa, lakini si mbele ya wanawake wengine. Hatukuwa na maongezi mengi. Wakifungwa, ananiambia pole. Wakifungwa tena, namwambia pole yeye. Mechi inaisha, kila mtu anashika njia yake. Ilikuwa ndiyo maongezi yangu ya wiki.

Ngonyani, yule Mngoni jirani yako, mtani wetu, tangu apate habari hizi ameninyima raha. Ananitumia sauti kwenye simu: "We Mhehe! Watu wengine wanaenda Ulaya kutafuta maisha, we umeenda kutafuta timu ya kufungwa? Si ungebaki tu hapa Mbeya, timu za kufungwa tunazo!" Nazisikiliza mara mbili mbili. Huku hakuna anayenitania. Mtu hawezi kukutania kama hajui wewe ni wa nani.

Na zile picha za video ulizonitumia za mazishi, nilizitazama nikiwa kazini, katikati ya kelele za mashine. Ngonyani, kazi ya mtani hiyo, kavaa sweta la mama na kilemba chake, anachechemea kama yeye, anawafokea kuku. Halafu akaingia kaburini akalala, akasema hatoki mpaka apewe jogoo. Nilicheka peke yangu mpaka mwenzangu akaniuliza kulikoni. Nikaanza kumweleza, nikaona haielezeki. Mtu kalala kwenye kaburi la mama yangu, ndiyo maana nacheka. Nikamwambia si kitu, nikarudi kwenye mashuka.

Sasa nakuja kwenye swali lako. Niliogopa, dada. Si nauli wala kazi, ruhusa nitakuwa nayo. Niliogopa kwa sababu ninyi mmeshalia mkamaliza. Mlinyoa nywele, mligawana vitenge vyake, mmeshazoea kulitaja jina lake mkiwa mnamenya viazi. Mimi ndiyo kwanza naanza. Nitashuka pale stendi ya Ipogolo na begi, watu watanipokea kwa vigelegele, wataniuliza zawadi, wataniambia nimenenepa. Nani atakaa chini alie na mtu aliyechelewa mwaka mzima? Nikaona heri nibaki na hawa nungunungu, kwao msiba hauishi.

Juzi walicheza mechi ya mwisho ya msimu. Hawakuwa na cha kupigania, walishatolewa zamani. Uwanja ulikuwa nusu mtupu. Katikati ya mchezo wakafungwa, Roni akasema kama kawaida, "Pole." Sijui ni nini kilinipata. Nikamwambia, "Mzee Roni, pole ya kwanza niliyopewa mji huu niliipokea kwa makosa. Nilidhani wamesikia mama yangu amekufa."

Wakafungwa bao jingine, Roni hakulitazama. Alivua kofia yake, akaiweka magotini. Nilijua ataniambia pole, nikajiandaa. Hakusema. Aliniuliza, "Alikuwa mtu wa namna gani?"

Dada, tangu nifike huku hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Basi nikasimama. Mngoni hayupo, nikasema leo kazi yake nitaifanya mwenyewe. Nikajifunga skafu kichwani kama kilemba, nikashuka ngazi nikichechemea, mkono kiunoni, nikamfukuza nungunungu wa mama kutoka kwenye viazi: "Toka! Nyumba nyingine hukuiona? Toka!" Watu wa viti vya chini wakadhani nawafokea wachezaji, wakanipigia makofi, wengine wakasimama wakanisaidia kufoka. Roni alicheka mpaka akafuta macho kwa kofia. Nami nilikuwa nacheka, nikakuta nalia, na safari hii kuna mtu ananitazama.

Nilipokaa akaniuliza nitakwenda lini kumwona. Akimaanisha kaburi. Nikamweleza yale niliyokueleza wewe, kwamba wenzangu wameshamaliza, nitawatonesha kidonda bure.

"Mimi mke wangu alikufa zamani," akasema, "na nikiona mtu amekuja nyumbani kumlilia leo, nitamtilia chai." Akatazama chini kwenye barafu, wetu wanafukuza kitumbua chao bila matumaini. "Nenda nyumbani. Hawa watafungwa vizuri tu bila wewe."

Honi haikulia hata mara moja siku ile. Mechi ilipoisha watu waliobaki walisimama, wakawapigia makofi walioshindwa mpaka wa mwisho alipoingia ndani. Halafu taa zikaanza kuzimwa, Roni akaenda zake, nikasubiri basi peke yangu. Msimu umekwisha. Mpaka mwezi wa kumi hakuna Alhamisi ya mechi, na kwenye basi koti halina kazi tena. Kimya kimerudi kama nilivyokikuta.

Kwa hiyo nakuja. Mwezi wa kumi na moja, kwenye misa na kaburi, nitakuwepo. Saruji na mchanga msianze bila mimi, nataka kubeba maji.

Msalimie sana shemeji, mwambie asichoke na hilo goti lako, ndilo alilooa. Wasalimie watoto, chipsi za kuwaletea sizijui, wale ugali. Msalimie shangazi wa Tosamaganga, na habari ya wananchi wa Kanada usimwambie, muache nayo, imempa heshima kilabuni. Msalimie katekista. Na mtani wetu Ngonyani mwambie asiguse tena sweta la mama mpaka nifike, halafu alivae siku ile aigize yote upya, na kuku wenyewe nitamnunulia mimi, Mngoni mlafi.

Wewe nakuomba moja. Siku nikishuka Ipogolo usipige kigelegele. Usiniulize safari, usinipokee begi, usiseme nimenenepa. Nimepewa pole nyingi mwaka huu, dada, na hakuna hata moja iliyokuwa ya mama. Nishike mkono, unipe hiyo moja kwanza.

Mdogo wako,
Desideria