Kupe wa Upande Gani

Nyumba ya Kona, ghorofa ya pili,
Nyuma ya kiwanda cha magodoro.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Kwanza huo mgongo unaendeleaje? Mama alituambia daktari amekukataza kuinama, nami nikacheka peke yangu, maana kwa uvivu wako mtu huyo amekupa zawadi. Mkaza mjomba hajambo? Na baridi ya huko imepungua, au bado mnalala na soksi?

Sisi huku kwa afya ya mwili hatujambo. Tunakula, tunalala, hakuna aliyelazwa. Nyumba yenyewe ndiyo inaumwa, na ndiyo sababu nimeshika kalamu badala ya simu. Kwenye simu ningepiga kelele bure.

Unawajua dada yako na shemeji yako. Baba ni wa gazeti, gazeti letu hilihili ninalolisahihishia lugha, na chama kinachopendwa na gazeti ndicho chake. Mama ni wa redio, na redio yake ina chama kingine. Wameishi hivyo miaka nenda miaka rudi, na sisi watoto tukafanya mchezo. Tuliwaita Serikali na Upinzani, wakibadilishana majina kila baada ya uchaguzi.

Sasa sikia. Mwezi uliopita mkubwa mmoja wa chama cha Mama alipanda jukwaani akasema watu wa asili ya wifi yangu, mke wa mdogo wangu, ni kupe, wamekuja kuinyonya nchi damu. Neno lenyewe ndilo hilo, kupe. Gazeti letu likawaka moto. MBAGUZI, ukurasa wa kwanza, na picha yake mdomo wazi. Kesho yake tena, kesho kutwa tena, na maoni ya wasomi juu. Nilifurahi, Mjomba, sikufichi. Nilisema safari hii tumeandika ukweli. Redio ya Mama siku hiyo ilitangaza bei ya mbolea.

Hazikupita wiki mbili, mkubwa wa chama cha Baba naye akapewa kipaza sauti. Kupe, akasema. Watu walewale, neno lilelile, hata ile damu ilikuwamo. Habari ilipofika mezani kwangu, kichwa chake kilikuwa "Mheshimiwa ateleza ulimi", ukurasa wa ndani, chini ya tangazo la rangi za kuta. Na ukisoma mpaka mwisho, kupe hayumo! Wameandika "kauli iliyozua mjadala". Kauli ipi? Mjadala gani?

Nikaliandika neno lenyewe kwa kalamu nyekundu, nikaenda kwa mhariri. Pale kazini wananiita Kamusi. Akaniambia, "Kamusi, wewe angalia tahajia tu. Ulimi hauna mfupa, dada, mtu huteleza." Nikamuuliza, na yule wa kwanza, ulimi wake ulikuwa na mfupa? Akasema yule alidhamiria. Nikamuuliza amejuaje. Akaniambia chai yangu inapoa.

Ukidhani redio ni afadhali, umepotea. Wale waliokuwa na mbolea juzi, leo wakagundua kwamba duniani kuna ubaguzi wa rangi. Asubuhi ubaguzi, mchana ubaguzi, jioni wasikilizaji wanapiga simu kulaani. Wanasema nyani haoni kundule. Hawa wa kwetu wanaliona vizuri kabisa, wanalifunika na tangazo.

Hayo ningeyameza, kazi ni kazi. Kinachonipandisha hasira ni kwamba wazee wameyaleta nyumbani.

Ile ya kwanza, Baba alikwenda na gazeti lake hadi jikoni, wifi anaosha vyombo, akamsomea habari nzima kwa sauti. Kila kupe akalitamka sawasawa, jicho likiwa kwa Mama. "Pole mwanangu, umewaona watu wao?" Mama akasema gazeti limetia chumvi. Ile ya pili, Mama naye akabeba redio hadi mlangoni kwa wifi, akafungulia sauti mpaka vioo vikatetema. "Pole mwanangu, umewasikia?" Baba akajibu kutoka sebuleni kwamba ameteleza tu, mambo yasikuzwe.

Wifi alikuwa anamchana mtoto wake nywele. Hakupandisha sauti. Alisema, "Mimi sikusikia chama. Nilisikia kupe, mara mbili, na mara zote mbili mmeniletea nyinyi, wazazi wangu."

Jumatatu akamchukua mtoto, akaenda kwa dada yake. Mdogo wangu anakula hapa, analala kule, amekonda, na ameshaanza kutafuta vyumba vya kupanga upande ule wa mji. Akivipata, Mjomba, hawarudi ng'o, na huyu mjukuu tutakuwa tunamwona kwenye picha.

Na wazee wako, unadhani wanalia? Wanagombana nani amemfukuza! Baba anasema redio, Mama anasema gazeti. Mtoto wanamtaka wote wawili, Mama mpaka analala na kile kiatu chake kidogo kilichosahaulika, lakini kila mmoja anangoja mwenzake aombe radhi kwanza. Nimechoka nao. Nawapenda, na nimechoka nao.

Fanya hivi, Mjomba, kwa hisani yako. Mpigie dada yako. Wewe tu ndiye ambaye Mama humsikiliza bila kumkatiza, na Baba anakuheshimu hata anapokutania. Usiwaulize nani alianza. Wakikutajia chama, kohoa. Waambie wavae viatu waende pamoja kwa wifi, gazeti na redio vibaki mezani, wakaombe radhi kwa lile neno, limetoka mdomoni mwa nani halituhusu.

Wakikaidi, waambie haya. Jana nilikwenda kumwona mtoto. Unajua kila neno jipya huniletea mimi. Alipanda mapajani akaniuliza kupe ni nini. Nikasema ni mdudu. Anauma? Nikasema ndiyo, anauma. Mama yake pale jikoni aliacha kukoroga, anasikiliza. Mtoto akaniangalia, akaniuliza, "Shangazi, sasa mimi nilimuuma nani?"

Nilimkumbatia tu. Wanaotakiwa kumjibu ni Babu yake na Bibi yake.

Nisalimie mkaza mjomba, na binamu yangu Mrefu, na wale pacha wako wanaokataa kuandika. Mwambie Mrefu picha ya harusi nimeiona, suruali ilikuwa fupi. Mungu awafunike wote hapo kwenu, awape riziki na usingizi usio na taarifa ya habari.

Wako akupendaye,

Mpwa wako,
Kamusi