Kata ya Chemchemi

Mjukuu wangu Neema,

Miezi saba hujakanyaga hapa mtaani kwetu Bertrams. Durban imekufunga miguu? Mama yako mzima, magoti yangu yananiuma, na jirani yangu Aline anaandika ninayomwambia. Nimemkataza kulainisha hata neno moja.

Unauliza kwa nini Wagiriki wa kale, shida ilipowabana, wengine walimpa mtu mmoja utawala wote na wengine wakaamua pamoja. Wagiriki siwajui. Najua chemchemi ya kwetu Kivu.

Nilikuwa msichana. Jua liliikausha, watu wakagombana, tukampa kata ya kuchotea maji mwanaume mmoja mwenye sauti kubwa ili agawe maji yeye peke yake. Aligawa vizuri, sisemi uongo. Mvua ikarudi, chemchemi ikajaa, naye bado ameishika kata. Mama yangu alimpigia magoti kuomba maji yaliyokuwa yanamwagika tu chini. Hasira ile sijaimeza mpaka leo. Hakutunyang'anya, Neema. Tulimpa wenyewe, na hakuna aliyemuuliza atairudisha lini.

Sasa maji ya jengo letu yamekatika, na wapangaji wanataka kumpa mtu wa ghorofa ya pili ufunguo wa tangi. Niliuliza, "Ataurudisha lini?" Wakacheka: "Eish, gogo anasema nini?" Gogo ndiyo bibi kwa Kizulu chao.

Mkutano ni Jumamosi. Uje, ukae karibu na mimi, uwaulize swali hilohilo kwa Kizulu chako safi, wasijifanye tena hawakusikia.

Koko wako