Bosi wa Usa River

Dada Mwajabu,

Shikamoo. Natumaini Kondoa jua linawaka, maana huku ni baridi na manyunyu tu. Hata Mlima Meru uliopo kwenye kadi hii bado sijauona vizuri.

Kazi ya afisa utumishi hapa shamba la maua naiweza. Upweke ndio unanisumbua. Jana meneja alitaka nimwachishe kazi Naomi, mkata maua, kwa kuwa ni mjamzito. Nikamwambia, "Sheria inampa likizo ya uzazi. Mimi simfukuzi."

Akanikazia macho. "Kwani wewe uko upande wa nani?"

Sikuisaini barua ya kumwachisha, na Naomi amebaki kazini.

Mchana sikuweza kukaa meza moja na mameneja, nikaenda kula na akina mama wanaofungasha maua. Walikuwa wanacheka, waliponiona wakanyamaza. Mmoja, rika la mama yetu, akainuka anipishe kiti. "Shikamoo, bosi."

Dada, mtu mzima ananiamkia mimi! Nikasema, "Shikamoo mama, kaa tu." Akakaa, lakini wote wakainamia sahani zao. Nikamaliza haraka loshoro, makande yao ya maziwa mgando, nikaondoka.

Kwetu hakuna aliyewahi kufanya kazi ya ofisini, basi sina wa kumuuliza kama ndivyo ilivyo. Mkishavuna, njoo unitembelee. Ukishuka stendi niite Zuu, kwa sauti kubwa, watu wasikie. Huku hakuna anayelijua jina hilo.

Nakupenda sana.
Mdogo wako, Zuhura