Uwanja Usio na Njia ya Magari

Karatu,
Jumapili, baada ya misa

Dada yangu Imakulata,

Kabla hata sijakuamkia, pokea habari njema kwanza: mdogo wako ana bahati ya mtende. Wenye ule uwanja mpya wa kupumzikia hapa mjini wamewatazama watu wote wa Karatu, wasomi kwa wasiosoma, wakaniona mimi. Nimekuwa msimamizi wa uwanja! Nina sare ya kijani iliyopigwa pasi, nina kofia, nina filimbi, na watu wazima wenye vitambi wananiita mkuu. Mtu niliyeishia darasa la tano! Ndiyo maana sikupanda lile gari lililomleta shemeji kuzikwa. Kazi ndiyo kwanza ilikuwa imeanza, na uwanja mkubwa vile hauwezi kuachwa bila mwenyewe.

Haya, sasa shikamoo, dada. Umeamkaje huko Kibondo? Usingizi umeanza kurudi, au bado unakaa kitandani ukiusikiliza mlango? Goti la mama linasemaje na baridi hii? Wanao wanakula? Mimi mwili mzima, ila baridi ya huku haina adabu. Mwezi huu ukitema mate yanafika chini yakiwa kokoto.

Utashangaa barua wakati simu ipo. Simu nimeizoea vibaya. Nikiishika, mdomo unatangulia na akili inafuata kwa miguu. Kalamu inanichelewesha, na leo nataka kucheleweshwa. Barua hii nampa fundi mmoja wa kwetu anayerudi huko, nimemwapisha asiitoe mfukoni mpaka akuone wewe.

Ile siku uliponipigia uliniambia wakwe zako wanasema Gervas alikufa amelewa. Kwamba kaka yake mkubwa alisimama mbele ya watu akasema, "Mtu mwenye akili zake hawezi kukutwa barabarani asubuhi kama mbuzi." Na kwamba siku ya kuanua matanga wanataka lisemwe hivyo hivyo, watoto wakisikia, liwe fundisho. Ukaniuliza, "Deo, wewe ulikuwepo. Mume wangu alikuwa amekunywa?" Nami nikakujibu nini? Nikasema, "Dada, labda alikuwa amechangamka kidogo." Kisha nikasingizia mtandao, nikakata.

Hakunywa. Hata tone. Hilo ndilo ninalokuandikia, na mengine yote ni kukueleza kwa nini nilikujibu vile.

Wewe Karatu unaijua kwa picha nilizokutumia, na zile picha nilisimama mbele ya magari ya watalii yasiyo yangu. Ngoja nikupe Karatu yenyewe. Nyuma ya maduka, upande wa chini wa barabara kuu, palikuwa na uwanja wa vumbi usio wa mtu. Hapo ndipo kilipokuwa kijiwe chetu sisi vibarua. Asubuhi unafika na koleo lako, unasimama. Mwenye shamba wa Mbulumbulu anayetaka watu wa kung'oa maharage, au fundi anayetaka wa kuchanganya zege, anaingiza pikapu yake taratibu kupitia kidaraja cha mtaro mpaka katikati yetu. Na kijiwe kina sheria moja tu: anayegusa gari ndiye anayehesabiwa. Akitaka watano, mikono mitano ya kwanza kwenye bodi ndiyo imepata kazi, mingine irudi kwenye banda la Mama Safari ikanywe chai. Hakuna ugomvi. Gari linatembea mwendo wa kobe, tunasukumana tunacheka kama watoto wa shule. Hata mwenye mguu mbaya aliwahi, maana gari lilimfuata alipo.

Tena hatukuwa peke yetu pale. Gari la kutangaza misiba lilisimama hapo, wahubiri walipiga kelele zao, na wazee wa Kiiraqw nimewaona wakikaa mchana kutwa kumpatanisha mtu na jirani yake kwa sababu ya ng'ombe aliyekula mahindi. Mimi ni mtu niliyetembea, unanijua. Nairobi nimefika mara mbili, Mombasa mara moja, ingawa basi lilinifikisha nikiwa nimelala. Nimeona viwanja vyenye maji yanayoruka kwa umeme. Lakini uwanja, dada, ni mahali ambapo mtu anaweza kusimama asiulizwe anasubiri nini. Hilo hakuna aliyenifundisha, nimelijua nikiwa nimeshachelewa.

Mwaka jana wenye mradi wakataka kupajenga. Wakamtuma binti mmoja mchoraji, mpole, viatu vimejaa vumbi letu, na karatasi yake kubwa kama shuka. Akaita mkutano pale pale. Wakaja wenye maduka, wenye nyumba za wageni, madereva wa watalii na miwani yao juu ya vichwa. Sisi vibarua tukaambiwa tutoe msemaji. Unadhani walimchagua nani? Mdomo wa nani unajulikana kuanzia Rhotia mpaka lango la Ngorongoro?

Nilivaa shati jeupe la Gervas. Alilitoa begini mwenyewe, akaniambia, "Shemeji, usichafue. La kanisani hilo."

Binti akanigeukia mbele ya watu wote. "Kaka, nyinyi hapa asubuhi mnafanya nini? Mnasimama wapi? Magari yanaingilia wapi?"

Swali jepesi kama hilo mtoto wa chekechea angelijibu kwa kidole. Lakini nyuma yangu dereva mmoja akanong'ona kwa sauti ya kusikika, "Hao wagombania pikapu, wana la kusema kweli?" Wenzake wakacheka. Nikahisi lile shati linanibana shingoni.

Nikasema, "Magari? Hapa magari hayaingii, mtaalamu. Sisi huwa tunapumzika tu, tunabadilishana mawazo ya biashara. Mimi nimetembea miji mikubwa. Uwanja wa kisasa haukanyagwi na gari. Upande huo wa barabara weka maua."

"Una uhakika, kaka? Mbona naona alama za matairi?"

"Hizo ni za gari la taka. Wewe weka maua."

Watu wakapiga makofi. Yule dereva naye akapiga.

Gervas akanivuta mkono. Unakijua Kiswahili chake, anatafuta neno kama mtu aliyedondosha sindano. "Shemeji," akasema, "pikapu. Mwambie pikapu."

"Nyamaza bwana, utatuaibisha."

Akanyamaza. Aliamini kwamba mimi ninajua. Katika mambo haya yote, kosa lake ni hilo moja.

Uwanja ukajengwa, na umependeza, hilo sikufichi. Wametandika matofali ya pevingi, mekundu na ya kijivu, wameweka mabenchi ya zege na taa nzuri. Maharusi wanakuja kupigia picha. Kivuli hakuna, saa sita benchi linaweza kukuchomea mayai, lakini kwenye picha joto halionekani. Kidaraja wamekiziba kwa maua, na nyuma ya maua wamejenga ukuta wa mawe unaofika kiunoni. Pikapu haina pa kuingia. Ukisimama na koleo lako, mlinzi anakuja: "Unamsubiri nani?" Ukisema unasubiri kazi, anakuonyesha barabara kwa rungu.

Basi kijiwe kikahamia barabarani, kwenye ule mteremko ambako malori yanashuka kwa kasi. Na sheria yetu ikahama nacho.

Asubuhi ile tulikunywa chai kwa Mama Safari, na kiazi kimoja tuligawana. Mama Safari mwenyewe yupo hai, kakijaza kikombe cha Gervas kwa mkono wake, na aliapa mbele yangu kwamba tangu amjue hajawahi kumnusa pombe. Gervas alikuwa anazungumza habari zako. "Maharage yakiisha," akasema, "nakwenda nyumbani. Nataka niezeke jiko la Imakulata kabla ya mvua." Waulize wakwe zako kama hayo ni maneno ya mlevi.

Pikapu ikasimama ukingoni mwa lami. Mwenye shamba akatoa mkono dirishani akaonyesha vidole: sita. Sisi tulikuwa kama ishirini. Tukakimbia. Gervas kwa miguu yake mirefu aliwahi, akashika bodi upande wa barabarani, akawa ameshahesabiwa. Mimi na tumbo langu nikafika nyuma, nimebanwa, mkono wangu unashika hewa. Akageuza shingo, akaniona. Angeweza kutulia, kazi alikuwa nayo. Akarudi nyuma hatua moja kunipisha, mkono hajauachia, akaniambia, "Shemeji, pita hapa. Shika."

Nikashika.

Ile hatua moja ndiyo iliyomtoa ukingoni, na lori lilikuwa linashuka. Sauti yake sitakuandikia. Hakuteseka, dada. Hili si la kukufariji, nilikuwa nimepiga magoti pale, nimeliona.

Mzee Hamadi mwenye duka la vitambaa alitoka na shuka jipya, bado lina mikunjo ya dukani, akamfunika. Kisha akakaa chini kwenye lami na kanzu yake nyeupe, hakunyanyuka mpaka askari walipofika. Watu walioshuka kwenye magari walikuwa wanauliza, "Kalewa huyu?" Mtu mmoja nisiyemjua akajibu, "Bila shaka. Mzima hawezi kukaa katikati ya barabara." Neno likatembea, likafika kwa waliomleta, likapanda gari pamoja na jeneza, likafika kwenu kabla halijapoa. Nami msemaji wa vibarua nilikuwa hatua mbili kutoka pale, na sikusema kitu. Maana ningesema hakulewa, swali la pili lingekuwa: basi alikuwa barabarani anafanya nini? Na jibu la swali hilo ni mimi.

Siku ya nne yake binti mchoraji alikuja. Alisimama kwenye maua muda mrefu, akiangalia wenzangu wanavyokimbilia pikapu kule juu. Kisha akaniona.

"Kaka, mimi nilikuuliza magari yanaingilia wapi."

"Uliniuliza."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

Nikatafuta utani. Mimi huyu nimewahi kumchekesha askari aliyekuja kunikamata. Safari hii haukutoka. Nikamwambia, "Niliona haya kuonekana kibarua."

Akakaa kwenye benchi, akatoa daftari. Aliniambia nirudie yote: kidaraja, gari linavyoingia, sheria ya kugusa. Nikarudia. Aliandika huku anajifuta macho kwa kiwiko. Akasema atalipeleka kwa wakubwa wake, ila kubomoa kilichokwisha kujengwa si jambo la wiki moja. Mpaka ninapoandika hapa maua yapo, yanamwagiliwa kila jioni, na kesho alfajiri wenzangu watakuwa barabarani.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja, na sijawahi kukuomba kitu kikubwa kuliko hiki. Siku ya kuanua matanga usimpe katekista barua hii aisome, atarukaruka mistari kwa kunihurumia. Isome wewe, yote, shemeji yako mkubwa akiwa amekaa mbele na watoto wakiwa karibu. Waambie baba yao alikufa akiwa na akili zake timamu, amekunywa chai, na kwamba alikuwa anampisha mtu. Wakimtaka wa kumsema, jina langu wanalijua. Waliseme mpaka wachoke, mimi sitakuwa na neno. Nawe ukinilaani, dada, nitalipokea hilo kutoka kwako, ila usiache mtu mwingine amwite Gervas mlevi.

Nisalimie mama, mwambie goti asiliogeshe kwa maji ya baridi. Nisalimie baba mkwe wako, mzee aliyenionyesha jinsi ya kunoa panga nilipokuwa bwege. Yeye msomee sikioni kwanza, kabla ya wengine, aliyekufa ni mwanawe. Nisalimie mama mdogo aliyekuja kulala nawe tangu msiba, Mungu amtunze. Mpigakengele wa kanisa jirani yetu, mwambie ninamkumbuka. Wanao wote wawili washike vichwa kwa ajili yangu, yule mdogo umwache acheze, asilazimishwe kuelewa sasa.

Ni mimi mdogo wako wa tumbo moja,
Deogratias

Dada, hakuna aliyenipa kazi. Kazi ya uwanja niliyokuandikia huko juu ni uongo mtupu. Gari lililomleta Gervas lilikuwa na nafasi karibu na dereva, wakaniita mara mbili nipande. Nilijificha nyuma ya maduka mpaka likaondoka, kwa sababu niliogopa kukutazama.